Barabara za Theluji: Safari ya Mwaka Mpya Kuvuka Milima ya Japani

Ofisi za serikali nchini Japani hufungwa kuanzia tarehe 29 Desemba hadi tarehe 3 Januari, na kampuni nyingi hufuata ratiba hiyo. Katika siku hizo chache barabara zinazotoka Tokyo hujaa magari. Mengine yanapeleka familia kwa wazazi kijijini. Mengine yamebeba vijana wanne au watano, marafiki wa chuo au wa kazini, waliochanga fedha za petroli, tozo na malazi ili wakacheze kwenye theluji. Njia mojawapo kuu ya safari hizo ni barabara ya kulipia ya Kan-Etsu, yenye urefu wa kilomita 246, inayoanzia Nerima mjini Tokyo, ikakatiza mkoa wa Gunma, ikapenya chini ya milima ya Mikuni na kuibukia mkoa wa Niigata hadi mji wa Nagaoka. Hali ya hewa ikiwa njema, mwendo wote ni saa tatu hivi. Desturi hiyo ni changa kuliko inavyodhaniwa. Starehe ya watu wa mjini kwenye theluji imesimama juu ya jasho la watu walioishi chini ya theluji hiyo kwa karne nyingi, wakadai barabara hata wakazipata.

Chanzo cha theluji yenyewe ni upepo na bahari. Wakati wa baridi upepo mkavu hutoka Siberia na kuvuka Bahari ya Japani, ambako mkondo wa maji yenye joto hupanda kutoka kusini. Upepo hubeba mvuke wa bahari hiyo, ukagonga safu ya milima iliyo kama uti wa mgongo wa kisiwa cha Honshu, ukapanda, ukapoa na kumwaga theluji upande wa magharibi. Upande wa pili, ilipo Tokyo, upepo hufika umekwisha kumaliza maji yake, na anga la Januari huwa safi lisilo na wingu. Ndiyo maana handaki moja linaweza kutenganisha jua kali na theluji ya kufika mabegani. Huko Takada, ambako leo ni sehemu ya mji wa Joetsu, theluji iliyolala chini ilipimwa sentimita 377 mnamo Februari 1945. Tofauti na Siberia au Kanada, theluji hiyo huanguka kwenye bonde la wakulima wa mpunga lenye watu wengi, si kwenye nyika tupu. Tena ni theluji nzito yenye maji mengi, inayovunja mapaa na matawi.

Katika enzi ya watawala wa Tokugawa, iliyoanza mwaka 1603 na kumalizika 1868, njia ya kuvuka Mikuni ilitoka Takasaki hadi pwani ya Echigo, jina la zamani la eneo la Niigata. Mabwana wa Nagaoka waliipita wakienda Edo, yaani Tokyo ya leo, kutimiza wajibu wao wa kukaa kwa zamu karibu na mtawala. Raia walipita kwa miguu. Majira ya theluji wenyeji walivaa viatu virefu vya majani ya mpunga na kufunga chini yake duara za matawi zilizozuia mguu kuzama. Mzigo uliburutwa kwa sleji au kubebwa mgongoni. Hapakuwa na njia mpaka itengenezwe: kila asubuhi, baada ya theluji ya usiku, wanakijiji walitoka kwa zamu kuikanyaga iwe ngumu, ili mtu aweze kwenda kwa jirani, kwa mganga au hekaluni. Zamu hiyo haikuwa na malipo, na nyumba iliyoikwepa ilijitenga na wenzake.

Shahidi mkubwa wa maisha hayo ni Suzuki Bokushi, mfanyabiashara wa vitambaa wa Shiozawa, aliyeishi kuanzia mwaka 1770 hadi 1842. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake, Hokuetsu Seppu, ilichapishwa mwaka 1837 mjini Edo baada ya miongo kadhaa ya kuhangaika na wachapishaji. Humo alieleza maporomoko ya theluji, uwindaji wa dubu, ufumaji na uanikaji wa vitambaa juu ya theluji. Hakuficha uchungu wake. Watu wa nchi zenye joto, alisema, huiona theluji kidogo wakafurahi, wakanywa na kutunga mashairi; watu wa Echigo huiona ya kwanza wakajua kwamba miezi ya mateso imefika. Miongoni mwa habari alizosimulia imo ya mume na mke vijana waliotoka na mtoto wao mchanga kwenda ukweni siku ambayo kulipambazuka shwari. Dhoruba iliwakuta njiani. Walikutwa wamekufa, na mtoto akiwa hai katikati yao. Msomaji wa Edo alipata kujua kwamba yale anayoyaita mandhari yalikuwa yakiua watu mwendo wa siku chache tu kutoka mlangoni pake.

Hata hivyo msimu wa baridi haukuwa wakati wa kukaa tu. Mashamba yakilala, wakulima walikuwa na nafasi. Wanaume wa Echigo walikwenda sehemu nyingine kutengeneza pombe ya mchele, kazi inayotaka baridi, wakarudi majira ya kuchipua. Kijamii zaidi ilikuwa safari ya kuhiji madhabahu ya Ise. Vijiji viliunda vyama ambavyo kila mwanachama aliweka akiba kidogo kidogo. Zikitosha, kura ilipigwa, na waliochaguliwa wakaenda kwa niaba ya wote. Mtu aliyezoea upatu wa Afrika Mashariki ataielewa mara moja hesabu yake. Wakulima wengi wa kaskazini mashariki waliondoka wakati huo wa mapumziko ya shamba, wakatembea wiki kwa wiki kuelekea kusini, na njiani wakaona miji, maigizo na bahari. Wengine waliutumia msimu huo kwa tiba ya maji moto: familia au majirani walibeba mchele na miso yao, wakakaa siku nyingi kwenye chemchemi za milimani wakipikiana na kuoga kutwa mara kadhaa. Kwa hiyo kusafiri kikundi katika baridi, kwa fedha za kuchanga na kwa kisingizio cha ibada au afya, ni mazoea ya zamani kabisa. Mwelekeo wake ndio uliogeuka. Zamani watu wa theluji walitoka kwenda kwenye jua. Leo watu wa jua ndio wanaoifuata theluji.

Mageuzi hayo yalianza na reli. Japani ilifungua reli yake ya kwanza mwaka 1872, na tarehe 1 Januari 1873 ikaanza kutumia kalenda ya Gregori, Mwaka Mpya ukahama kutoka kwenye kalenda ya mwezi na kuwa siku ileile ya nchi za Magharibi. Kampuni za treni ziligundua mapema kwamba sikukuu huuza tikiti. Desturi ya leo ya mamilioni ya watu kwenda hekalu mashuhuri siku za kwanza za Januari, hata kama liko mbali na kwao, ilikuzwa kwa sehemu kubwa na matangazo ya reli.

Mchezo wa theluji ulikuja kwa njia ya jeshi. Tarehe 12 Januari 1911, Meja Theodor von Lerch wa Austria-Hungaria aliwafundisha maofisa wa kikosi cha Takada kuteleza kwa mbao ndefu na mkongojo mmoja. Takada palichaguliwa kwa sababu ileile iliyopafanya pawe pagumu kuishi. Miaka 20 baadaye, Septemba 1931, lilifunguliwa handaki la reli la Shimizu, lenye urefu wa mita 9,702, kupenya mpaka wa Gunma na Niigata. Treni zikaanza kuwafikisha wakazi wa Tokyo kwenye kijiji cha maji moto cha Yuzawa. Mwandishi Kawabata Yasunari alifika huko mwaka 1934, na mwaka uliofuata akaanza kuchapisha sehemu za riwaya yake kuhusu nchi ya theluji, iliyomfanya msafiri wa mjini aione Yuzawa kabla hajaikanyaga. Kawabata alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1968.

Barabara, kwa upande wake, zilibaki nyuma sana. Mwaka 1956 serikali ilialika kundi la wataalamu wa Marekani, likiongozwa na mchumi Ralph J. Watkins, kuchunguza mpango wa barabara ya kasi kati ya Nagoya na Kobe. Ripoti yao ilisema bila kumung'unya maneno kwamba barabara za Japani ni mbovu kiasi cha kutoaminika, na kwamba hakuna taifa jingine la viwanda lililoupuuza mtandao wake kiasi hicho. Asilimia 77 ya barabara za taifa za daraja la kwanza hazikuwa na lami. Ikiwa hali ilikuwa hivyo kati ya miji mikubwa, upande wa theluji ulikuwa na neema gani? Barabara nyingi za huko zilifungwa na theluji ya kwanza na kufunguliwa na jua la majira ya kuchipua. Basi lilisimama na mgonjwa alivutwa kwa sleji.

Mwaka huohuo wa 1956 bunge lilipitisha sheria maalumu ya kudumisha usafiri wa barabara katika maeneo ya theluji na baridi kali. Kwa mara ya kwanza kuondoa theluji kulitambuliwa kuwa jukumu ambalo taifa zima linaligharamia, badala ya kuwa shida ya aliyezaliwa mahali pabaya. Nyuma ya siasa hiyo alikuwapo Tanaka Kakuei, mtoto wa mkulima wa Niigata aliyeingia bungeni mwaka 1947 na kuwa waziri mkuu kuanzia 1972 hadi 1974. Kwenye kampeni zake za mwanzo aliwaahidi wapigakura kuisawazisha milima ya Mikuni ili upepo upite bila kumwaga theluji, na udongo wake ufukie bahari hadi kisiwa cha Sado. Ahadi hiyo haikutekelezeka, lakini waliomsikiliza walijua anaongea lugha ya machungu yao. Tanaka baadaye alitiwa hatiani kwa rushwa katika kashfa ya Lockheed, na jina lake halitajwi Japani bila doa hilo. Pamoja na hayo, deni la watu wa Niigata kwake kuhusu barabara ni la kweli, na historia ya safari hizi ikiandikwa bila yeye itakuwa na pengo.

Sheria ni karatasi mpaka ijaribiwe. Januari 1963 theluji ilianguka mfululizo kwenye pwani nzima ya Bahari ya Japani. Fukui ilipimwa sentimita 213, Nagaoka sentimita 318. Treni ya haraka iliyoondoka Niigata tarehe 23 Januari ilifika Ueno, Tokyo, tarehe 28. Watu 228 walifariki kwa kuangukiwa na mapaa, kwa maporomoko na ajali nyingine. Jeshi la kujilinda lilitumwa kuchimba mitaa. Reli ambayo kila mtu aliitegemea ilikuwa imenyamaza, na barabara zilizosafishwa kwa nguvu ndizo zilizopitisha chakula. Tangu hapo mikoa ya theluji ilinunua mashine za kusukuma na kurusha theluji kwa wingi, zikaanza kufanya kazi usiku wa manane ili njia iwe wazi kabla ya watu kwenda kazini. Julai ya mwaka huohuo, mbali na theluji hiyo, kipande cha kwanza cha barabara ya kasi ya Meishin kilifunguliwa kati ya Ritto na Amagasaki, kilomita 71. Enzi ya gari ilianza.

Nagaoka ilikuwa imeshapata silaha yake yenyewe. Mwaka 1961 mji huo ulitandika mabomba katikati ya barabara, yenye matundu yanayorusha maji ya kisima. Maji ya chini ya ardhi huko yana joto la nyuzi 13 hivi mwaka mzima, na kiasi hicho chatosha kuyeyusha theluji inapogusa lami. Ni ufumbuzi wa watu waliojua ardhi yao, na ulienea haraka. Ulikuja na gharama zake: chuma kilichomo majini hupaka barabara rangi ya kutu, na kuvuta maji mengi kulifanya ardhi ididimie katika baadhi ya miji ya Niigata, ikabidi matumizi yadhibitiwe kwa vihisi vinavyofungua maji pale tu theluji inapoanguka. Mgeni anayeshuka kwenye gari na kulowana viatu kwa chemchemi ndogo za barabarani anakanyaga uvumbuzi huo. Kongwe zaidi ni vibaraza vilivyoezekwa mbele ya maduka ya Takada, ambapo kila mwenye nyumba aliacha sehemu ya kiwanja chake ili watu wapite wakati mtaa umefukiwa. Vibaraza hivyo bado vinasimama kwa kilomita nyingi.

Magari nayo yalibadilishwa na theluji. Mwaka 1966 Nissan Sunny na Toyota Corolla zilimweka mfanyakazi wa kawaida nyuma ya usukani. Kwenye milima ya kaskazini mashariki, kampuni ya umeme ya Tohoku ilitaka gari la mafundi wake lenye starehe kuliko jipu na lenye uwezo wa kupanda njia za theluji hadi kwenye nguzo na nyaya. Wakala wa Subaru wa mkoa wa Miyagi alitengeneza la majaribio, na mwaka 1972 kampuni ikatoa Leone Estate Van, gari dogo lililoundwa kwa wingi likivutwa na magurudumu yote manne. Ukoo huo wa magari unajulikana sana Nairobi, Arusha na Kampala, ambako hufika yakiwa yametumika Japani na hukabili matope na makorongo. Mfumo wake ulizaliwa kwa ajili ya fundi wa umeme aliyekwama kwenye theluji.

Kilichobaki kilikuwa mlima. Barabara ya taifa namba 17, inayopita Mikuni, ilipata handaki mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini ilibaki na kona kali na miteremko inayoganda. Tarehe 2 Oktoba 1985 lilifunguliwa handaki la barabara la Kan-Etsu, lenye urefu wa mita 10,926, na barabara ya kasi ikakamilika kutoka Tokyo hadi Niigata. Njia ya pili ya handaki iliongezwa mwaka 1991. Uchumi wakati huo ulikuwa umefurika fedha. Novemba 1987 ilitoka filamu ya mapenzi ya vijana wa Tokyo wanaokwenda kuteleza mlimani, ambamo Toyota Celica zilikimbizwa usiku juu ya theluji, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliocheza mchezo huo walifikia takriban milioni 18 kwa mwaka. Ijumaa jioni vijana walitoka kazini, wakafunga mbao juu ya paa la gari, wakaendesha usiku kucha na kulala kwenye maegesho. Mjini Yuzawa yalichipuka majengo marefu ya nyumba za mapumziko zilizouzwa kwa watu wa Tokyo. Uchumi ulipoporomoka, vyumba vingi vilikosa wanunuzi hata kwa bei ya kutupa, na ada za matunzo na kodi zikabaki kumfuata mwenye chumba. Wenyeji waliachiwa maghorofa yasiyokaliwa katikati ya mashamba ya mpunga.

Jambo lililogusa afya ya kila mtu katika miaka hiyo lilikuwa tairi. Tangu miaka ya 1960 madereva wa maeneo ya baridi walitumia matairi yenye misumari ya chuma. Yalishika barafu vizuri, ila theluji ilipoyeyuka yalisaga lami kavu. Sendai na Sapporo zilifunikwa na vumbi jeusi kila majira ya kuchipua; watu walifunga pua, nguo hazikuanikwa nje, na madaktari wakaonya kuhusu mapafu. Malalamiko ya wananchi yalianza mtaani. Wanasheria wa Nagano waliyapeleka kwenye chombo cha taifa cha kusuluhisha migogoro ya mazingira, na mwaka 1988 watengenezaji wakubwa wakakubali kuacha kuyatengeneza ifikapo mwisho wa 1990. Mwaka huo wa 1990 bunge lilitunga sheria ya kuyapiga marufuku penye lami kavu. Badala yake ilikuja tairi ya mpira laini yenye mikato mingi myembamba. Hewa ilisafika upesi. Lakini magari yaliyosimama na kuondoka kwenye makutano yalianza kuisugua barafu hadi ing'ae, na Sapporo ikalazimika kuweka masanduku ya mchanga kwenye kona ili mpita njia mwenyewe ajimwagie. Hayo yalikuwa mabadilishano ya haki: mteremko unaoteleza una dawa, pafu lililojaa vumbi halina.

Mahali pa kupumzikia napo palihitaji kufikiriwa. Barabara za kulipia zilikuwa na vituo vyake tangu mwanzo, vyenye supu ya moto na vyoo safi, ila barabara za kawaida hazikuwa na kitu. Mwaka 1990, kwenye mkutano uliofanyika Hiroshima, palitolewa hoja kwamba ikiwa reli ina stesheni, barabara nayo iwe nazo. Majaribio yalifuata, na mwaka 1993 vituo 103 viliandikishwa; leo vimezidi 1,200. Wakulima huuza humo figili, tufaha, uyoga na mchele wa kwao, na vingine vina bafu la maji moto. Kwa kikundi cha marafiki kinachopita Niigata au Nagano mwezi Januari, vituo hivyo ndivyo vinavyowakutanisha na wenyeji kwa mazungumzo, si mteremko wa kutelezea ambao unaweza kuwa popote.

Miaka ya karibuni imeonyesha mipaka ya kazi yote hiyo. Februari 2018 magari yapatayo 1,500 yalikwama kwenye barabara namba 8 huko Fukui. Desemba ya mwaka huo serikali ilitenga vipande 13 vya barabara ambapo, tahadhari kubwa ikitangazwa, hakuna gari litakalopita bila minyororo hata kama lina matairi ya baridi. Kisha, kuanzia jioni ya tarehe 16 Desemba 2020, magari takriban 2,100 yalinaswa kwenye Kan-Etsu, mengine kwa siku mbili. Wanajeshi na wafanyakazi wa barabara waligawa chakula, blanketi na mafuta. Hatari kubwa ya namna hiyo haiko kwenye baridi peke yake. Theluji huziba bomba la moshi, na gesi ya sumu isiyo na harufu huingia ndani ya gari lililowashwa ili lipashe joto. Dereva aliyekwama hushauriwa azime injini, au atoke mara kwa mara akafukue nyuma.

Baada ya hapo wizara inayohusika na barabara iliacha msimamo wa kuweka njia wazi kwa kila hali. Siku hizi theluji kubwa ikitabiriwa, watu huombwa waahirishe safari, na barabara ya kulipia hufungwa pamoja na ile ya kawaida inayokwenda sambamba nayo, kabla gari la kwanza halijakwama. Kampuni za ujenzi za vijijini zinazotoa madereva wa mashine za theluji zimejaa wazee, na vijana wa kuwarithi ni wachache. Wanaokwenda milimani kwa Mwaka Mpya hawana budi kuangalia taarifa za barabara kabla ya kuondoka, kubeba minyororo, koleo, blanketi na maji, na kukubali kulala njiani au kurudi nyumbani pale wanapoambiwa njia imefungwa.